Mkono Wangu na Mpira wa Baiskeli

Haya ninayaandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko umelala upande, na binti yangu Safia anasema unafanana na wa mtoto wa darasa la kwanza anayeandika huku analia. Mwache aseme. Kuna wakati hata kalamu sikutaka kuiona, kwa sababu kwa kalamu walinichora mkononi kila asubuhi ili watazame uvimbe umefika wapi.

Siwaandikii madaktari, wao wana vitabu vyao. Namwandikia mtu aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, ndugu yake ameumwa na nyoka, naye hajui ashike wapi. Namwandikia pia yule ambaye hajaumwa bado lakini ana kichuguu nyuma ya jiko, kama mimi. Siku ile nilifanya kosa moja kwa hofu. Kisha nikafanya la pili kwa kunyamaza, na hilo la pili lilikaribia kuivunja nyumba yangu. Nitayasema yote mawili, maana mficha uchi hazai.

Mimi ni Mnubi wa Arua mjini. Nimekulia kwenye nyumba zilizobanana karibu na msikiti, ambako mnyama wa kutisha kuliko wote alikuwa panya. Rajabu, mume wangu, ni Mkakwa wa Lobule, Koboko, mkulima wa mihogo na simsim. Aliponioa na kunipeleka kwao, dada yangu mkubwa Hawa alisema nimehamia kwa nyoka, tukacheka wote. Kazi yangu ni kushona tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo harusi ya Kinubi haikamiliki bila hivyo. Unazungusha majani makavu, unayafunga kwa ukindu uliotiwa rangi, tundu kwa tundu, na anayefanya kazi karibu yote ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ndicho kinachobana na ndicho kinachosukuma sindano. Changu kilikuwa na sugu ngumu kama ganda la karanga, na nilikuwa najivunia sugu ile kuliko pete.

Nyuma ya jiko letu, hatua ishirini hivi, kuna kichuguu alichokiacha baba mkwe. Kwao kichuguu kinarithiwa kama shamba, na ukizoa kumbikumbi wa kichuguu cha mwenzio mtakutana mbele ya wazee. Chetu hutoa wale kumbikumbi wa mchana, mvua ikikatika na jua likitoka. Rajabu hukifunika kwa vijiti, majani na blanketi kuukuu, anaacha mlango mmoja wa mwanga, na chini ya mlango huo anachimba shimo dogo na kulitandika majani ya mgomba. Halafu watu wanakaa chini na kupiga vijiti juu ya ubao, taratibu, ili kumbikumbi walioko ndani wadhani mvua imerudi. Wakitoka wanakimbilia mwanga, wanaangukia shimoni, nawe unawazoa kwa mkono. Hutazami unachozoa. Ukiinua blanketi mwanga unaingia kila upande na kumbikumbi wote wanaruka.

Ilikuwa mwisho wa mvua, simsim imekatwa na kusimamishwa ikauke. Mama mkwe na Safia walikuwa wanapiga ubao. Mama mkwe ana wimbo wake wa kichuguu, wa Kikakwa, ambao mpaka leo sijaelewa maneno yake yote.

"Mama Safia," akaniambia, "ingiza mukono. Zimejaa."

Niliingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, nikazoa bakuli la kwanza. Mara ya pili niligusa kitu cha baridi na kinene, nikadhani ni chura, maana vyura nao huingia shimoni kula. Nikakisukuma pembeni. Ndipo nikapigwa. Haikuwa kama jino. Ilikuwa kama mtu amenigonga kidole kwa mchi.

"Askari," nikasema, nikautoa mkono. Kumbikumbi wana askari wao wenye vichwa vikubwa ambao wanauma mpaka damu itoke. "Askari yako leo iko na hasira, Mama."

Hakucheka. Alikuwa anakitazama kidole changu cha shahada. Palikuwa na matone mawili ya damu, moja juu ya kiungo na moja chini yake. Na kutoka chini ya blanketi tukasikia pumzi ndefu, kama tairi inayotoa upepo. Mama mkwe alimvuta Safia kwa gauni mpaka likachanika.

Rajabu alikuja mbio kutoka kwenye mihogo, akainua blanketi kwa mpini wa jembe. Alikuwa kifutu, mfupi, mnene kama mkono wa mtu mzima, ana mistari kama mishale mgongoni. Hakuwa na haraka. Aligeuka, akaingia kwenye tundu la kichuguu taratibu kama mwenye nyumba anayeingia kwake. Hakuna aliyemuua. Hilo sikulisahau hata siku moja.

Kila mtu kwetu anajua dawa ya kwanza ya nyoka: funga. Na kila baiskeli ya Lobule ina kamba ya mpira, ule utepe uliokatwa kutoka kwenye tyubu iliyozeeka, ambao unafungia gunia nyuma. Rajabu aliuchomoa kwenye baiskeli yake akanifunga juu ya kiwiko. Alifunga kwa akili, akaacha nafasi kidogo.

"Kaza," nikamwambia.

"Imetosha, Mama Safia."

"Kaza. Nasikia inapanda."

Akakaza. Nikasema kaza tena. Nilikuwa naisikia sumu ikitembea kwapani kuelekea moyoni, ingawa sasa najua iliyokuwa inatembea ni hofu. Mara ya tatu aliweka goti juu ya mkono wangu, akavuta kwa mikono yake miwili, uso ameugeuza pembeni, mpaka mpira ukawa mwembamba kama kamba ya kiatu. Hapo nikasema sasa ndiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka pete ya marehemu mama yangu, iliyokuwa kwenye kidole cha kati cha mkono huo huo.

Tulipanda bodaboda ya jirani, mimi katikati, Rajabu nyuma ananishikilia. Kidole kilikuwa kimeshanenepa. Kufika kituo cha afya, kiganja chote kilikuwa kimejaa na ngozi inang'aa. Sista aliyekuwepo alikuwa msichana mdogo, peke yake, na foleni ya akina mama wenye watoto wa homa mpaka nje. Wote walinipisha. Aliutazama mpira kabla hata ya kutazama kidole.

"Hii tulegeze pole pole, Mama. Hii sumu haitaki kamba. Kamba inaifungia mahali moja, inakula nyama."

"Ukilegeza nakufa," nikasema.

"Hapana kufa. Mimi iko hapa."

Nikaufunika mpira kwa mkono wa kushoto, nikamwambia akiugusa nitamuuma. Mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mbele ya watoto wa watu. Rajabu alisema, "Mama Safia, sikia sista." Nikamwambia anyamaze. Yule msichana akanitundikia dripu, akapiga simu, akasema dawa yenyewe iko Arua. Gari likapatikana.

Njiani, mahali fulani baada ya Koboko mjini, maumivu yalipungua. Vidole vikawa baridi, kisha nikawa sivisikii kabisa. Nilimshukuru Mungu. Nilimwambia Rajabu, "Unaona? Kamba imefanya kazi." Wewe unayesoma, nakuomba ukumbuke sentensi hiyo. Mkono ulikuwa hauponi. Ulikuwa unakufa, nami nilikuwa nafurahi.

Katika hospitali ya Arua tulikaa kwenye benchi kwa muda ambao siwezi kuupima. Nakumbuka sakafu imepigwa deki na inanuka dawa, na mtu mmoja mwenye kikohozi akahama benchi alipouona mkono wangu. Ulikuwa wa zambarau kutoka kwenye mpira kwenda chini. Daktari alipoulegeza, kidogo kidogo, damu ikarudi, na hapo ndipo nikajua maumivu ni nini. Nimezaa mara moja, na uchungu wa kuzaa haukufika hata nusu ya ule. Pete waliikata kwa koleo. Kisha wakanitundikia dawa ya nyoka, na sista mmoja akakaa ananitazama usoni muda wote, kwa sababu dawa hiyo nayo ina hatari zake. Nilimwona anavyonitazama nikazidi kuogopa.

Hawa alikuwa ameshafika, na leso yake ya sokoni kiunoni. Daktari akauinua mpira kwa vidole viwili.

"Nani alifunga hivi?"

"Ni mimi," akasema Rajabu.

"Mkono umekaa hivi saa ngapi?"

Rajabu akataja. Daktari hakumkaripia, alitikisa kichwa tu, akasema kamba imeumiza mkono pamoja na nyoka, na hajui kati ya hao wawili nani ameumiza zaidi. Hawa akamgeukia shemeji yake, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Sista akamtazama. Mimi nilikuwa na ulimi, na ulimi haukuwa umeumwa na kitu. Ningeweza kusema, yeye alifunga taratibu, ni mimi niliyesema kaza. Nilifumba macho nikajifanya nimelala.

Siku tatu zilizofuata nilizihesabu kwa mistari. Kila asubuhi sista alikuja na kalamu ya wino, akachora mstari pale uvimbe ulipofikia. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya kiwiko, wa pili juu yake, wa tatu karibu na bega. Mkono ulikuwa mnene kama paja. Ngozi ikafanya malengelenge yenye maji meusi, yakapasuka, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Mate yangu yalikuwa na damu ya ufizi. Niliogopa kulala, kwa sababu kila nilipofumba macho nilikuwa nimeingiza mkono shimoni, nimegusa kile kitu cha baridi, nakisukuma pembeni.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mbadilisha fedha wa Oraba, kule mpakani, mguu wake umevunjwa na pikipiki. Huyo ndiye aliyenichekesha mara ya kwanza.

"Jirani," akaniuliza, "nyoka imekula wewe, ama wewe imekula nyoka? Mbona mukono yako iko imeshiba hivyo?"

Kila walipokuja kufungua bandeji alinitupia kitenge chake nijifunike uso. Hakuniuliza kama nakitaka. Alijua.

Siku ya nne kidole cha shahada kilikuwa cheusi mpaka kwenye mzizi, kikavu kama kuni, na weusi ulianza kuingia kiganjani. Daktari alikaa kitandani kwangu, na daktari akikaa kitandani kwako ujue kuna neno. Alisema kidole kimekwenda. Tutangoja siku mbili. Weusi ukisimama, watakata kidole. Ukivuka mstari huu, na hapo akachora mstari wake mwenyewe katikati ya kiganja, watakata juu ya kifundo cha mkono.

Siku mbili nilikitazama kiganja changu. Sikuweza kushika maji kutawadha, nikatayamamu kwa mkono mmoja, na dua niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: usivuke. Nilifikiri nitakavyokula. Kwetu mkono wa kulia ndio wa chakula, na wa kushoto una kazi zake ambazo hazitajwi mezani. Nilifikiri nitashona kwa nini, nitamsuka Safia nywele kwa nini. Nilimwaza pia kifutu yule, mzima, amelala kwenye kichuguu chetu, hatua ishirini kutoka mahali mtoto wangu anapokoka moto.

Ilikuwa katika siku hizo mbili Hawa aliposema alichosema.

"Ukitoka hapa hurudi Lobule. Unakaa kwangu, na Safia atakuja. Yule mutu alikufunga kama mbuzi ya sadaka."

Rajabu alikuwa mlangoni na chupa ya uji. Aliisikia. Aliingia, akaweka chupa kwenye kabati dogo, akasema, "Uji iko moto, muache ipoe," akatoka nje. Mara ya pili nilikuwa na nafasi ya kusema, na mara ya pili nikanyamaza. Nitakueleza kwa nini, ingawa si sababu ya kujivunia. Mtu anayekaribia kupoteza mkono anatafuta wa kumlaumu, na nyoka hana sikio la lawama. Mume yuko karibu.

Weusi ulisimama upana wa punje ya simsim kabla ya mstari wa daktari. Wakakata kidole cha shahada na nusu ya kidole cha kati, wakachukua ngozi ya pajani kuziba kiganja. Nilipozinduka niliuliza mara moja tu, "Mkono uko?" Mama wa Oraba akajibu kutoka kitandani kwake, "Iko. Imepungua kidogo kama pesa, lakini iko." Nililia, na yeye akalia.

Kutoka hapo nilihesabu kwa bandeji. Ya kila siku, kisha ya siku mbili mbili. Kiangazi kiliingia, na dirishani ukawa unakuja moshi wa nyasi zinazochomwa. Nilipenda moshi ule. Nilijiambia kila moshi ni nyoka mmoja amepungua duniani. Safia alikuja Jumamosi akinilisha kwa mkono wake, na nilikubali kwa sababu ni mtoto wangu. Mama mkwe alipokuja aliniletea kumbikumbi wa kukaanga kwenye kopo. Harufu ikanirudisha shimoni, nikatapika. Hakukasirika. Alilifunga kopo, akalitoa nje, akarudi na maji, akauosha mkono wangu wa kushoto kidole kwa kidole, kisha akaweka bakuli la maharage mbele yangu.

"Mukono Mungu ameacha kwako," akasema, "ndio ya kula."

Nikala, mbele ya watu, kwa kushoto. Ukiwa unamuuguza mtu, usidharau vitu vidogo vya namna hiyo.

Niliruhusiwa, nikaenda kwa Hawa. Ndiyo, nilikwenda. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya kwenda kusafishwa kidonda karibu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na bado naogopa, sitajifanya shujaa hapa. Kwenye nyumba ya saruji katikati ya mji nilikung'uta viatu kabla ya kuvaa, nilipiga godoro kwa fimbo, nilipiga kelele kwa sababu ya mkanda wa mume wa Hawa ulioanguka sakafuni. Waya wa kuchajia simu niliutoa chumbani. Nilijaribu kushona tabaga kwa kushoto, sindano ikanichoma, nikaitupa. Vidole vilivyobaki vya kulia vilikuwa vigumu kama vijiti, na kile ambacho hakipo kilikuwa kinawasha mchana kutwa. Kinawasha mpaka leo.

Rajabu alikuja kila wiki mbili. Hawa alimpa kiti mlangoni, si ndani. Rajabu aliuliza habari za kidonda, akatoa mihogo au mayai, akaondoka. Hakuniuliza narudi lini.

Siku moja Safia, amekuja wakati wa likizo, alinisimulia habari za nyumbani. Mbuzi amezaa. Baba amekata nyasi zote, ua uko mweupe kama sahani. Baba ameziba matundu ya jiko kwa udongo. "Na Baba habebi tena kitu kwa baiskeli," akasema. "Gunia ya mihogo anabeba kichwani mpaka soko."

"Kwa nini? Baiskeli imeharibika?"

"Baiskeli iko nzima. Anasema hawezi kufunga ile mpira."

Kutoka kwetu mpaka sokoni ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku ile sikula.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilimwambia Hawa nataka kwenda Lobule. Alikubali kwa sababu alidhani tunakwenda kuchukua nguo zangu, akaja nami. Gari lilituacha barabarani, na kutoka pale mpaka nyumbani nilitembea nikipiga ardhi kwa fimbo, jasho linanitoka mgongoni, namwambia Hawa akanyage ninapokanyaga. Alinicheka, lakini alikanyaga.

Tulimkuta Rajabu nyuma ya jiko na jembe. Blanketi na vijiti vilikuwa vimetupwa pembeni, na alikuwa ameshamega upande mmoja wa kichuguu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda amekipa mgongo kichuguu cha marehemu mume wake, mikono amekunja.

"Nataka kuivunja yote," Rajabu akasema aliponiona. Hakunisalimia kwanza. "Ukirudi, ama usiporudi, haitakuwa hapa."

"Afadhali," akasema Hawa. "Ingevunjwa zamani. Na ile mpira nayo uichome."

Rajabu akainua jembe. Nilikuwa nimesimama pale pale nilipokaa siku ile, macho yangu hayatoki kwenye matundu. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikasema, "Hawa, ni mimi niliyesema kaza."

"Nini?"

"Yeye alifunga kidogo. Mimi nikasema kaza. Mara tatu. Kituo cha afya sista alitaka kulegeza, mimi nikakataa. Daktari alipouliza, nilikuwa macho. Nilisikia. Kidole changu nimekikata mwenyewe kwa ulimi wangu, na yeye amekibeba mpaka leo."

Mama mkwe aligeuka kwenye kigoda, akanitazama, kisha akautazama uso wa mwanawe. Rajabu aliteremsha jembe taratibu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Masikio yangu iko. Mimi ndiye nilikuwa navuta."

"Basi kwa nini hukusema? Hata Hawa alipokutukana?"

Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Mukono yako ilikuwa inaoza," akasema. "Ningeongeza nini juu?"

Nililia kilio ambacho sikulia hata siku ya kukatwa. Hawa alimwita Rajabu "shemeji" kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, akamwomba maji ya kunywa, na kwa Hawa hiyo ni samahani kubwa.

Kichuguu hakikuvunjwa. Ni cha baba yao, na kinalisha watu wengi. Lakini hakuna anayeingiza mkono tena. Rajabu amefunga kata kwenye mpini mrefu wa mti, tunazoa kwa hiyo, na blanketi linainuliwa kwanza kwa fimbo, waruke watakaoruka. Kifutu hatujamwona. Sisemi ameondoka. Kila asubuhi kabla ya kutoka napiga mlango mara tatu na kungoja, na Safia amezoea kungoja nami. Wewe ukiumwa, au mwenzio akiumwa, vua pete na bangili, mlaze, asitembee, mpeleke hospitali, na usifunge. Hata akikulilia kaza, usifunge.

Siku ile ile niliyosema ukweli, kabla Hawa hajaondoka, palikuwa na gunia la mihogo ukutani likingoja soko. Rajabu aliinama alitie kichwani. Nikamwambia asubiri. Mpira ulikuwa umening'inia kwenye msumari jikoni, umejaa vumbi, na nilipouchukua kwa mkono wa kushoto nilihisi kama nimeshika nyoka mwenyewe. Nikaenda nao mpaka kwenye baiskeli. Tuliliweka gunia nyuma, akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine kwa vidole vyangu vilivyobaki.

Alivuta kidogo, akaacha.

"Imetosha," akasema.

"Haijatosha, Baba Safia," nikamwambia. "Kaza."